Safari ya Ng'ambo na Uloto wa Mgonjwa

Imekuwa ada katika miji ya Afrika ya Mashariki kwamba mtu akiambiwa na daktari kuwa ana saratani ya uloto, neno hilo hufuatwa upesi na neno la pili, nalo ni India. Jamaa hukusanyika, kamati ya mchango huundwa, shamba huuzwa, misikiti na makanisa huombwa sadaka, na pasipoti hutafutwa kwa haraka kana kwamba ndiyo dawa yenyewe. Hapana mtu mwenye haki ya kuwacheka jamaa hao. Mfa maji haachi kutapatapa, na upendo wa ndugu hauna mizani. Lakini ada ikizoeleka mno huacha kuulizwa sababu yake, na ada hii imekwisha kuzoeleka hata yaonekana kama kwamba Mungu aliumba maradhi upande mmoja wa bahari na tiba yake upande wa pili. Dai la makala haya ni kwamba sivyo. Sehemu kubwa ya tiba hiyo imo ndani ya mifupa ya mgonjwa mwenyewe. Kinachomvusha bahari ni upungufu wa bidii nyumbani kwake, na upungufu huo una wenyewe wa kuulizwa.

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni kitu laini kilichomo ndani ya mifupa, nacho ndicho kiwanda cha damu. Humo hukaa seli shina, yaani chembe changa zilizo mama wa chembe zote za damu: nyekundu zichukuazo hewa, nyeupe zipiganazo na maradhi, na zile ndogo zigandishazo damu mahali palipojeruhiwa. Miongoni mwa chembe nyeupe lipo kabila liitwalo seli za plazma, ambalo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Ukoo mmoja wa kabila hili ukiasi na kuanza kuzaana pasipo kiasi, maradhi yatokeayo huitwa mailoma. Chembe hizo asi huila mifupa, huzinyima nafasi chembe njema, na kumwaga katika damu protini isiyo na faida ambayo huharibu figo. Mgonjwa huumwa mgongo na mbavu, hupungukiwa damu, huchoka pasipo kazi, hupatwa na homa mara kwa mara, na siku moja huvunjika mfupa kwa kuinua ndoo ya maji tu.

Wako wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Dhana hiyo ni potofu. Nchini Marekani, ambako hesabu za wagonjwa huwekwa kwa uangalifu, watu weusi hupatwa na mailoma karibu mara mbili kuliko weupe. Ikiwa mailoma huonekana kwa uchache katika hospitali za Afrika, yafaa kuuliza kwanza kama inatafutwa. Mzee wa miaka 60 akilalamikia mgongo huambiwa kuwa ni uzee. Akipungukiwa damu hupewa vidonge vya madini ya chuma. Akipata homa hutibiwa malaria. Figo zikidhoofika hupelekwa kwa mganga wa figo. Kila ishara hupewa jina lake na dawa yake, wala hapana anayezikusanya zote mahali pamoja akauliza zimetoka wapi. Mwaka mmoja hupita hivi, pengine miwili, na wakati wote huo mfupa unaliwa.

Hapa ndipo shutuma ya kwanza ilipo. Njia ya kuitambua mailoma si siri mpya. Mwaka 1845 madaktari wa London walimpelekea mwenzao, Henry Bence Jones, mkojo wa mfanyabiashara aliyekuwa akiumwa mifupa. Bence Jones aliona humo protini ya ajabu: mkojo ulipopashwa moto iliganda, na moto ulipozidi iliyeyuka. Protini hiyo yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Yaani alama ya maradhi haya ilipatikana kwa moto na chupa tu, kabla ya umeme kuingia hospitalini. Leo kuna kipimo bora zaidi, cha kuzitenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme, na mashine yake si ya gharama ya kutisha ukiilinganisha na magari yaegeshwayo mbele ya wizara yoyote. Lakini mwananchi wa wilayani hupata kipimo hicho kwa bahati, na mara nyingi hukipata kwanza huko ng'ambo, baada ya shamba kuuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ukuta hujengwa Mumbai, Chennai au New Delhi, kwa fedha ya Kigoma na Kisumu.

Yafaa sasa kuieleza tiba yenyewe, kwa kuwa kutoielewa ndiko kunakowafanya watu wauziwe upepo. Kazi ya kupandikiza uloto ilianzwa na E. Donnall Thomas na wenzake huko Cooperstown, Marekani, ambao mwaka 1957 walitangaza habari ya wagonjwa wa kwanza waliotiwa uloto wa watu wengine. Wagonjwa wale hawakuishi sana. Thomas hakukata tamaa, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa upande wa mailoma, mwaka 1983 T. J. McElwain na R. L. Powles wa Uingereza walionyesha kwamba dawa ya zamani iitwayo melfalani, ikitolewa kwa kipimo kikubwa sana, huivunja mailoma kwa namna ambayo kipimo kidogo hakikuweza. Lakini kipimo hicho huangamiza pia uloto mzuri, na mtu asiye na uloto hawezi kuishi. Hapo ndipo seli shina zilipopata kazi yake. Mwaka 1996 madaktari wa Ufaransa, baada ya kuwagawa wagonjwa 200 katika makundi mawili, walithibitisha kuwa waliopewa melfalani nyingi na kurudishiwa uloto wao waliishi kwa muda mrefu zaidi.

Taratibu zake ni hizi. Kwanza mgonjwa hupewa dawa kwa miezi kadhaa ili kuipunguza saratani. Kisha hudungwa sindano kwa siku nne au tano ili seli shina zitoke mifupani na kuingia katika damu. Halafu hulazwa kando ya mashine ambayo kwa saa kadhaa huipitisha damu yake, huzitenga seli shina na kumrudishia iliyobaki. Seli hizo huwekwa akiba. Mgonjwa hupewa melfalani; kisha, siku moja au mbili baadaye, hurudishiwa seli zake mwenyewe kwa mshipa, kama atiwavyo damu mgonjwa yeyote. Zenyewe hujua njia ya kurudi mifupani. Kwa muda wa wiki mbili hivi mgonjwa hana kinga: nywele hutoka, kinywa hujaa vidonda, na homa ndogo yaweza kumwua. Katika wiki hizo anahitaji chumba safi, muuguzi mwenye macho, dawa za kuzuia vijidudu, na damu ya kuongezewa. Kisha chembe mpya huanza kuonekana, na mgonjwa huinuka.

Katika maelezo hayo yapo mambo mawili ambayo kila mwenye jamaa mgonjwa apaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba seli shina haziiui saratani. Muuaji ni melfalani. Seli shina ni akiba ya mbegu iliyofichwa ghalani ili shamba lisiwe jangwa baada ya moto. La pili ni kwamba katika mailoma tiba hii, kwa desturi, haiyaondoi maradhi moja kwa moja. Hurefusha maisha, na kwa wengi hurefusha kwa miaka mizuri ya kufanya kazi na kulea wajukuu. Lakini maradhi huweza kurudi, na kwa hiyo mgonjwa huhitaji dawa za kuyazuia na vipimo vya mara kwa mara baada ya safari.

Mambo hayo mawili ndiyo yafichwayo na wafanyabiashara wa matumaini. Jina la seli shina limekuwa kama hirizi. Katika nchi nyingi wamezuka watu waliofungua nyumba za tiba na kuahidi kwamba seli shina huponya kila kitu: kisukari, upofu, kupooza, uzee, na hata saratani. Wao hawatoi melfalani wala hawana chumba safi. Wana sindano, kitabu cha risiti na picha za watu wanaotabasamu. Tena hawakuzuka katika nchi maskini peke yake. Mwaka 2016 wataalamu wawili walihesabu nyumba za namna hiyo 570 nchini Marekani. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya wanawake watatu waliokwenda katika nyumba moja ya Florida, kila mmoja akalipa dola 5,000, wakadungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao, wakaharibika macho. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli walieleza habari ya mtoto aliyepelekwa Moscow kudungwa seli za mimba. Miaka minne baada ya sindano ya kwanza akaonekana na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo, nao uvimbe ule ulitoka katika seli za watu wengine alizotiwa. Wazazi wake walisafiri kutafuta uzima, wakarudi na maradhi ya pili.

Yatasemwa kwamba hospitali kubwa za India si za namna hiyo. Ni kweli, na haki itolewe kwa mwenye haki. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilianza kupandikiza uloto mwaka 1983, na chuo cha Vellore kikafuata mwaka 1986. Wahindi hawakuletewa elimu hiyo katika sahani. Waliwapeleka vijana wao kusoma, wakawangojea, wakawapa vyumba na vyombo, wakavumilia makosa ya mwanzo. Nchi ambayo nayo ilikuwa na maskini wasiohesabika haikungoja kwanza umaskini uishe ndipo ianze. Kwa hiyo msafiri anayekwenda huko anakwenda kuona matunda ya mti uliopandwa zamani na watu wasiokuwa matajiri, na yafaa arudi na mbegu ya mti huo.

Lakini kati ya mgonjwa na hospitali njema husimama dalali. Kazi yake ni kupeleka watu, na faida yake hutoka katika kupeleka. Hapana dalali aliyepata mkate kwa kumwambia mgonjwa kwamba yatosha kutibiwa nyumbani, au kwamba ugonjwa umekwisha kuwa mzito na fedha ni heri wasomeshwe watoto. Dalali hutaja bei ya kupandikiza, wala hataji bei ya chumba cha kupanga kwa miezi, chakula cha msindikizaji, viza ya pili, vipimo vinavyorudiwa na homa isiyotarajiwa. Hutaja siku ya kuondoka. Siku ya kurudi, na miaka ifuatayo siku hiyo, haimhusu.

Na huko ndiko tiba nyingi zinakofia. Mgonjwa hushuka uwanja wa ndege akiwa na faili nene na barua ya daktari wa ng'ambo. Barua husema ameze lenalidomaidi kila siku, apimwe damu kila mwezi, apewe dawa ya kuimarisha mifupa, na achanjwe upya kama mtoto, kwa kuwa kinga zake za zamani zimepungua. Katika mji wake dawa hiyo haipatikani, au yapatikana kwa bei inayoishinda pensheni, kipimo hakipo, na daktari wa zamu hajapata kuiona barua ya namna ile. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka melfalani, bortezomibu, thalidomaidi na lenalidomaidi katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya mailoma. Serikali nyingi huisifu orodha hiyo katika hotuba. Bohari zao haziisifu. Familia iliyotoa mali yake yote kwa wiki mbili za chumba safi hushindwa kununua vidonge vya mwezi wa nne, na maradhi hurudi mapema kuliko yalivyopasa. Basi mali ile ilinunua nini?

Shutuma kubwa, kwa hiyo, haimwangukii mgonjwa wala Mhindi. Yawaangukia wenye amri. Mwezi wa Aprili mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijaitimiza ahadi hiyo. Na moja ya sababu yajulikana na kila mtu ingawa husemwa kwa kunong'ona: mwenye cheo akiumwa hupanda ndege. Hospitali ambayo mkuu hailali hawezi kujua kwamba paa lake linavuja. Kama ingekuwa sheria kwamba kila mwenye amri atibiwe pale anapotibiwa mpiga kura wake, mashine ya kutenga seli isingekaa miaka ikingoja sahihi.

Wapinzani wana hoja mbili, nazo zastahili jibu. Hoja ya kwanza ni kwamba nchi yenye malaria na vifo vya wazazi haina haki ya kushughulika na jambo la fahari kama kupandikiza uloto. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama fedha isiyotumika kwa uloto ingekwenda kununua vyandarua. Haiendi huko. Huenda ng'ambo, kwa mkono wa serikali inayolipia rufaa na kwa mkono wa jamaa wanaouza mashamba, na ikifika huko haimfundishi muuguzi hata mmoja wa nyumbani. Tena vitu vinavyohitajiwa na mgonjwa wa uloto, yaani damu safi ya kuongezewa, maabara yenye kuaminika, wauguzi wenye kunawa mikono na dawa za kuzuia vijidudu, ndivyo vinavyohitajiwa na mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua na mtoto mwenye malaria kali. Atakayemjengea mmoja amewajengea wote.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ni ngumu mno. Ni ngumu, lakini si kwa kiasi kinachosemwa. Huko Oran, nchini Algeria, tangu mwaka 2009 madaktari wamekuwa wakiwatibu wagonjwa wa mailoma pasipo kuzigandisha seli shina kwa baridi kali ya naitrojeni. Huzihifadhi katika jokofu la kawaida la damu, kwa nyuzi 4, kwa siku chache tu, kisha huzirudisha. Wameweza kwa sababu melfalani hutoka mwilini upesi, na seli njema huvumilia kungoja. Mexico nako njia kama hiyo imetumika kwa miaka mingi, na wagonjwa wengine hulala nyumbani mwao. Na Tanzania haikubaki nyuma kabisa. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza uloto wagonjwa wa mailoma, wataalamu wa India wakishirikiana na wenyeji. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwatibu kwa uloto watoto wenye selimundu. Basi hawezi tena mtu kusema kwamba haiwezekani. Awezaye kusema ni kwamba haijaenea na haijalindwa, na hilo ni jambo la mapenzi na fedha. Hatari iliyopo ni kwamba kazi iliyoanzwa kwa shangwe na picha za magazeti iachwe ife kwa kukosa vitendanishi vya maabara, na wauguzi waliofunzwa wahamishwe kwa barua ya ukurasa mmoja.

Lazima vilevile kukiri kwamba si kila saratani ya uloto ni mailoma. Katika aina nyingi za lukemia seli za mgonjwa mwenyewe hazifai, na hutafutwa za mtu mwingine mwenye alama za mwili zinazolingana na zake. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana. Akikosekana, hutafutwa mgeni katika madaftari ya wafadhili yaliyoanza London mwaka 1974 na ambayo leo yana majina zaidi ya milioni 40 duniani. Lakini madaftari hayo yamejaa watu wa Ulaya na uzao wao. Nchini Marekani mgonjwa mweupe hupata mfadhili anayelingana naye kikamilifu kwa asilimia 79. Mweusi kwa asilimia 29. Mwafrika aendaye ng'ambo kutafuta mfadhili anakwenda kumtafuta ndugu yake mahali ambapo ndugu yake hayupo. Ndugu huyo yuko Mbeya, Mombasa, Bukavu au Gulu, mzima wa afya, naye hajaulizwa. Daftari la wafadhili la Afrika ya Mashariki halihitaji dhahabu. Lahitaji mate ya kupima, karatasi, siri kutunzwa na imani ya wananchi kwamba hawaibiwi.

Kwa hiyo anayesafiri asizuiliwe, maadamu huko aendako kuna kitu ambacho nyumbani hakipo. Lakini kabla ya shamba kuuzwa, jamaa na waulize maswali manne, wayapatie majibu ya maandishi: Jina kamili la maradhi ni nini? Dawa itakayoiua saratani ni ipi, mbali na seli shina? Ni nani nyumbani atakayempokea mgonjwa akirudi, na kwa dawa gani? Na tiba hiyohiyo yafanyika wapi karibu zaidi? Nyumba ya tiba isiyoweza kulijibu swali la pili ni duka la upepo, na ipewe mgongo. Wenye amri nao waulizwe kila mwaka, bungeni na barazani: kipimo cha protini kimefika katika mikoa mingapi, wagonjwa wangapi wamepandikizwa nchini, na wangapi wamepelekwa nje kwa fedha ya umma, na dawa nne za mailoma zimo bohari au zimo katika hotuba tu.

Wahenga walisema kimfaacho mtu chake. Mgonjwa wa mailoma anachukua katika mifupa yake mbegu ya damu itakayomwinua. Hakuiazima kwa mtu, wala haihitaji viza. Amekosa chumba, mashine, muuguzi na vidonge, na hivyo vyote hununuliwa kwa kodi ambayo amekuwa akiilipa tangu ujana wake.